Imani kwa Lugha ya Nyumbani: Mashairi ya Dini ya Wakurdi na Somo Kwetu

(Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Tunaichapisha hapa kwa sababu wasikilizaji wengi waliomba nakala yake.)



Mada niliyopewa ni nafasi ya utamaduni na imani katika maendeleo ya jamii. Mara nyingi mada hii huzungumzwa kwa maneno ya jumla mpaka wasikilizaji wanaanza kusinzia. Kwa hiyo nimeona nichukue mfano mmoja tu na kuueleza kwa kirefu. Mfano wenyewe ni mashairi ya dini ya Wakurdi Waislamu. Nitaeleza yanavyosomwa katika maulidi, vyuoni na matangani, ni nani walioyagharimia, na yaliwezaje kuvuka miaka ambayo wenye nguvu walitaka yanyamaze.

Najua mtu atauliza, sisi ni watu wa parokia, Wakurdi wanatuhusu nini? Nina sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tunaishi na kufanya kazi pamoja na majirani Waislamu, na ni vizuri kufahamu kile wanachokithamini. Ya pili, katika kila mpango wa miaka mitatu tunaoandika kuna neno "uendelevu", yaani mradi uendelee baada ya mfadhili kuondoka. Wakurdi wana kazi ya jamii iliyoendelea kwa karne nyingi bila mfadhili wa nje. Inafaa tuwasikilize.

Jina tunalolisikia kila mwaka

Ukifika mwezi wa Mfungo Sita, ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Lamu, Tanga, Unguja na hata miji ya bara husoma maulidi kukumbuka kuzaliwa kwa Mtume Muhammad. Kitabu kinachosomwa sana ni Maulidi ya Barzanji. Hata sisi tusio Waislamu tumelisikia jina hilo. Lakini wachache hujiuliza limetoka wapi.

Barzinja ni kijiji cha milimani karibu na mji wa Sulaymaniyah, kaskazini mashariki ya Iraki, katika nchi ya Wakurdi. Hapo palikuwa na ukoo wa masharifu uliotoa wanazuoni wengi na viongozi wa tarika ya Kadiria. Katika karne ya 17 mmoja wao, Muhammad bin Abdul Rasul, alihamia Madina. Mzao wake, Jaafar bin Hasan al-Barzanji, alikuwa mufti wa madhehebu ya Shafii huko Madina katika karne ya 18. Yeye ndiye aliyetunga maulidi hayo, kwa nathari ya Kiarabu yenye vina. Yalisafiri na mahujaji, wanafunzi na wafanyabiashara wa baharini hadi Indonesia, India na pwani yetu. Huko Lamu, Sayyid Mansab aliyatia katika ushairi wa Kiswahili ili hata asiyejua Kiarabu apate kuelewa.

Kwa hiyo kijiji kimoja cha Wakurdi kimekuwa kikitajwa katika misikiti yetu kwa miaka mingi, bila wengi kujua. Na kuna kiungo kingine. Wakurdi wengi ni Waislamu wa Sunni wanaofuata madhehebu ya Shafii, kama Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Tarika ya Kadiria, ambayo Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909) aliieneza hadi Zanzibar, ni mojawapo ya tarika mbili kubwa za Wakurdi. Hata dufu linalopigwa kwenye zikiri kwetu, wao hulijua kwa jina lile lile, daf.

Wakurdi kwa ufupi

Wakurdi wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 25 na milioni 35. Wamegawanyika katika nchi nne, Uturuki, Irani, Iraki na Syria, na hawana nchi yao wenyewe. Lugha yao ina lahaja kadhaa. Kurmanji huzungumzwa zaidi kaskazini, Sorani katikati, na katika milima ya Hawraman kuna usemi mwingine uitwao Hawrami au Gorani, ambao zamani ulikuwa lugha kubwa ya ushairi. Si Wakurdi wote walio Sunni. Wapo Washia, Waalevi, Wayazidi na wengineo, na kila kundi lina mashairi yake matakatifu. Leo nitazungumzia Wasunni tu, ili nisichanganye mambo.

Maulidi: kutoka ikulu hadi kijijini

Erbil ni mji mkuu wa jimbo la Kurdistan la Iraki la leo. Mwanzoni mwa karne ya 13 mji huo ulitawaliwa na Muzaffar al-Din Gökböri, aliyefariki mwaka 1233. Yeye alikuwa Mturkmeni kwa asili, lakini mkewe, Rabia Khatun, alikuwa dada wa Salah al-Din, yule mtawala Mkurdi maarufu. Gökböri alisherehekea maulidi kwa fahari kubwa. Mwanahistoria Ibn Khallikan, mzaliwa wa Erbil, ameeleza jinsi wageni walivyofika kutoka Baghdad, Mosul na kwingineko, jinsi mabanda ya mbao ya ghorofa yalivyojengwa, jinsi ngamia, ng'ombe na kondoo walivyochinjwa, na jinsi maandamano ya mishumaa yalivyopita usiku. Mwanazuoni Ibn Dihya kutoka Andalusia alipopita hapo mwaka 1207 alimwandikia mtawala huyo kitabu cha maulidi, akazawadiwa dinari 1,000.

Hayo yalikuwa maulidi ya mtawala, kwa fedha ya hazina na kwa Kiarabu. Sasa tazameni yalivyobadilika yalipofika vijijini.

Katika milima ya Hakkari, kusini mashariki ya Uturuki ya leo, kuna kijiji kiitwacho Batê. Hapo ndipo alipotoka Mela Huseyin, anayejulikana kwa jina la Melayê Bateyî. (Mela ni mwalimu wa dini, kama tunavyosema maalim.) Masimulizi ya jadi humweka katika karne ya 15, ingawa wapo wataalamu wanaomweka baadaye. Yeye alitunga maulidi kwa Kikurmanji, kwa mashairi mepesi kukariri. Waturuki nao walikuwa na maulidi kwa lugha yao, yaliyotungwa na Süleyman Çelebi wa Bursa mwaka 1409. Hivyo Wakurdi hawakuwa peke yao katika jambo hili. Lakini kwa mkulima au mchunga kondoo wa Hakkari, maulidi ya Bateyî yalikuwa na maana kubwa, kwani sasa habari ya Bibi Amina na kuzaliwa kwa Mtume aliisikia kwa lugha ambayo mama yake alimbembelezea.

Maulidi haya hayangoji mwezi wa kuzaliwa Mtume. Husomwa mtu anapooa, anaporudi hija, anapohamia nyumba mpya, anapotimiza nadhiri na anapokumbuka marehemu wake. Mwenye shughuli huwaalika majirani na kuandaa chakula, mara nyingi nyama pamoja na wali au ngano iliyopondwa. Mela husoma sehemu moja baada ya nyingine, na kati ya sehemu na sehemu watu wote huitikia kwa kumsalia Mtume. Inapofika mahali pa kuzaliwa, wote husimama. Maji ya waridi hunyunyizwa, vitu vitamu hugawiwa, dua huombwa, kisha watu hula pamoja. Aliyewahi kualikwa kwenye maulidi ya pwani ataona mara moja kufanana kwake: kiyamu, marashi, ubani, halua, na sinia la wali mwishoni.

Wanawake wana maulidi yao pia, nyumbani, wakisomewa na mwanamke mwenye sauti nzuri na kumbukumbu nzuri. Kwa mama ambaye hakupelekwa shule, mkusanyiko huo ulikuwa darasa lake la dini.

Chuo kilicholishwa na wanakijiji

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati za parokia zitalielewa haraka, yaani gharama.

Kwa karne nyingi elimu ya Wakurdi ilitolewa katika vyuo vidogo vilivyoambatana na misikiti ya vijijini. Kusini huviita hujra, maana yake chumba, na kweli mara nyingi kilikuwa chumba kimoja tu. Mwanafunzi huitwa feqî. Alihama kutoka kijiji kimoja hadi kingine akimfuata mwalimu aliyebobea katika somo fulani, mpaka siku alipopewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha.

Nani alimlisha? Wanakijiji. Wanafunzi walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya mkate na chochote kilichopikwa, na kila nyumba ilijua kwamba sehemu yake inangojwa. Mwalimu naye aliishi kwa zaka ya mavuno na ya mifugo. Hapakuwa na bajeti wala ripoti ya robo mwaka. Kijiji kilichokuwa na chuo kilijivunia, na kijiji kilichoshindwa kuwalisha wanafunzi kiliona aibu.

Katika vyuo hivyo mashairi yalikuwa vitabu vya masomo. Mtoto alipomaliza Kurani alisoma maulidi ya Bateyî, kisha kitabu kiitwacho Nûbihara Biçûkan, yaani "Majira mapya ya watoto". Kitabu hicho kilitungwa mwaka 1683 na Ehmedê Xanî, ambaye kaburi lake liko Doğubayazıt, karibu na Mlima Ararat, na watu hulizuru mpaka leo. Ni kamusi ya Kiarabu na Kikurdi iliyotungwa kwa mashairi, na kila sura huanza na wasia mfupi wa adabu. Mtoto aliimba, na kwa kuimba akajikuta anajua maneno mamia ya Kiarabu. Xanî mwenyewe ameeleza kwamba hakuwaandikia wakubwa bali watoto wa Wakurdi.

Mwaka 1687 Xanî huyo huyo alitunga Eqîda Îmanê, utenzi mfupi wa misingi ya imani. Wengine walifuata njia hiyo. Mela Xelîl wa Siirt, aliyefariki mwaka 1843, aliandika utenzi wa akida kwa Kikurmanji. Upande wa kusini, Mewlewî wa Tawagoz (1806–1882) alitunga akida ndefu kwa Kisorani. Hebu fikirini katekisimu iliyotungwa kwa mashairi, ikasomwa na watoto kwa sauti mpaka mama anayekanda unga uani naye akaijua. Ndivyo ilivyokuwa.

Kwa waliofika mbali zaidi kulikuwa na mashairi mazito ya mapenzi ya Mungu. Mkubwa wao ni Melayê Cizîrî wa mji wa Cizre, kwenye Mto Tigris, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Amezikwa katika Medresa Sor, chuo chekundu cha mji huo. Mashairi yake yanazungumza juu ya mpenzi na mpendwa, mshumaa na nondo, divai na mnyweshaji, na mwalimu humwonyesha mwanafunzi jinsi yote hayo yanavyomwelekea Mungu. Sisi tuliozoea kusoma Wimbo Ulio Bora katika Biblia hatuna sababu ya kushangaa.

Siku za msiba

Ndugu zangu, watu huonyesha wanachokiamini hasa siku ya kufiwa.

Kwa Wakurdi tanga huchukua kama siku tatu. Watu huja, husoma Fatiha, hunywa chai au kahawa chungu, hukaa kimya, huondoka, na wengine huja. Maulidi au kisomo kingine hufuata, mara nyingi siku ya arobaini, pamoja na chakula. Katika miji ya kusini mashariki ya Uturuki, ambako familia nyingi zimehamia kwenye majengo ya fleti, hakuna tena ua wa kukalia. Kwa hiyo zimejengwa nyumba maalumu za kupokelea rambirambi, nyingine na manispaa na nyingine kwa michango ya watu. Mtu akifiwa hapewi bili ya ukumbi bali anapewa ufunguo.

Mapatano kati ya koo zilizouana nayo hufungwa kwa kisomo, dua na chakula cha pamoja mbele ya wazee na wanazuoni.

Hata mtunzi mwenyewe alipofiwa alirudi kwenye ushairi. Mewlewî, yule aliyeandika akida, alimpoteza mkewe Anbar Khatun, akamwandikia maombolezo ambayo Wakurdi huyathamini sana. Uzeeni alipoteza macho. Mtu aliyewafundisha wengine kwa mashairi kwamba Mungu ni mwenye hekima alilazimika kuishi na somo lake mwenyewe, na watu wakamwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Majaribu

Nisingependa mfikiri kwamba njia ilikuwa nyepesi. Majaribu yalikuja kutoka pande tatu.

Upande wa kwanza ni serikali. Tarehe 3 Machi 1924 Jamhuri ya Uturuki ilipitisha sheria iliyofunga vyuo vya dini vya jadi. Mwezi Novemba 1925, mwaka ule ule wa uasi wa Sheikh Said, ikapitishwa sheria iliyofunga nyumba zote za tarika. Tangu hapo mela na wanafunzi wake walikuwa wavunja sheria. Wengi waliendelea kwa siri katika vijiji vya mbali, mmoja akilinda njia ili aone askari wakija. Wengine walivuka mpaka kwenda kusoma Syria. Lugha nayo ilibanwa. Sheria ya mwaka 1983 iliharamisha kuchapisha na kutangaza fikra kwa Kikurdi, na haikufutwa hadi 1991. Katika miaka hiyo kitabu kidogo cha maulidi kilichonakiliwa kwa mkono kilikuwa mojawapo ya maandishi machache ya Kikurdi ambayo familia ya kawaida ingeweza kuwa nayo nyumbani.

Upande wa Iraki mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kati ya Februari na Septemba 1988 serikali ya Saddam Hussein iliendesha kampeni ya kuangamiza vijiji vya Wakurdi. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch limekadiria kwamba waliouawa ni kati ya watu 50,000 na 100,000. Tarehe 16 Machi mwaka huo mji wa Halabja ulipigwa kwa silaha za kemikali, na watu wapatao 5,000 wakafa. Vijiji vilisawazishwa pamoja na shule na misikiti yake. Na kampeni hiyo ilipewa jina gani? Anfal, jina la sura ya 8 ya Kurani. Watu waliolelewa kwa Kurani waliuawa chini ya jina la sura ya Kurani. Mimi nadhani hakuna matusi makubwa kwa imani ya mtu kuliko hayo, na ni onyo kwa kila dini, pamoja na ya kwetu.

Upande wa pili ni watu wa dini wenyewe. Wapo Waislamu wanaoona kwamba maulidi na zikiri ya dufu ni uzushi usiokuwapo zama za Mtume. Huo ni mjadala wa wanazuoni wao, na si kazi yetu kuuamua. Lakini mjadala ni kitu kimoja na bunduki ni kitu kingine. Mwaka 2002 kundi lenye silaha lililojiita Ansar al-Islam lilikuwa limeshika vijiji vya Biyara na Tawela, juu ya Halabja, ambavyo ni makao ya zamani ya tarika ya Naqshbandi. Waliyavunjia heshima makaburi ya mashehe waliozikwa Biyara. Kundi hilo lilifukuzwa kutoka eneo hilo mwaka 2003.

Upande wa tatu hauna kelele, lakini sidhani kama ni mdogo. Ni mji, televisheni na simu. Kijana aliyezaliwa Istanbul au Ujerumani huenda anaelewa Kikurdi cha kuombea chai tu. Maulidi ya Bateyî yakisomwa, yeye husikia sauti ya babu yake lakini maana inampita.

Kilichobaki

Pamoja na hayo yote, mashairi yapo. Mwaka 1992, mara tu baada ya ile sheria ya 1983 kufutwa, Waislamu wa Kikurdi walianzisha huko Istanbul jarida la Kikurdi wakaliita Nûbihar, kwa jina la kile kitabu cha watoto cha mwaka 1683. Huko Irani, katika mji wa Sanandaj na vijiji vya Hawraman, zikiri ya dufu inaendelea. Kila mwaka katikati ya majira ya baridi, wanakijiji wa Hawraman Takht hukusanyika kumkumbuka Pir Shalyar. Huchinja, hupika chungu kimoja kikubwa cha nyama na nafaka, hupiga dufu na kusoma mashairi, na chakula hugawiwa kila nyumba. Mandhari ya Hawraman iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021, lakini wanakijiji hawakungoja orodha hiyo ndipo waanze kupika.

Lazima niseme pia kwamba si kila kitu kilikuwa kizuri. Wasichana kwa kawaida hawakuingia hujra. Wanafunzi wengi walilala na njaa kijiji kilipokosa mavuno. Baadhi ya familia za mashehe zilijikusanyia ardhi na madaraka, na mkulima aliyebusu mkono wa shehe siku ya maulidi huenda siku ya pili alikuwa akimlimia. Jamii inayojitegemea si lazima iwe jamii yenye haki.

Tujifunze nini?

Nimefikiri sana kwa nini jambo hili lilidumu wakati mambo mengi yenye fedha zaidi yalikufa. Naona sababu tatu.

Kwanza, lilikuwa kwa lugha ya nyumbani. Barzanji aliandika kwa Kiarabu, na kitabu chake kikafika duniani kote. Ni heshima kubwa. Lakini Bateyî na Xanî walijiuliza swali jingine: mtoto wa hapa, asiyejua Kiarabu, ataelewa nini? Sayyid Mansab wa Lamu alijiuliza swali hilo hilo kwa ajili ya Waswahili. Sisi tunaandika mafunzo ya afya, ya kilimo na ya akiba kwa lugha ya ofisini, kisha tunalalamika kwamba wananchi hawahamasiki.

Pili, kila nyumba ilikuwa na sehemu yake. Mkate mmoja kwa feqî haukumfilisi mtu, lakini ulimfanya awe mwenye chuo. Serikali ilipofunga vyuo iliweza kuondoa kibao mlangoni, lakini haikuweza kuwazuia akina mama kuoka mkate mmoja wa ziada. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika miradi yetu mchango wa wananchi huandikwa kwenye safu ya mwisho ya bajeti, na mara nyingi hukadiriwa tu ili jumla itimie. Kwao huo ndio uliokuwa bajeti yote.

Tatu, liliambatana na siku ambazo mtu hawezi kuziruka, kama kuzaa, kuoa, kuhama, kufiwa na kupatana. Mkutano wa mradi mtu anaweza kuukosa, lakini tanga la jirani hawezi kulikosa. Kinachosemwa katika siku hizo hukaa moyoni, na kinachochangwa katika siku hizo huchangwa bila kulazimishwa.

Kwenu wafadhili nina ombi moja. Mnapotembelea parokia zetu mnaonyeshwa visima, madarasa na zahanati, na tunawashukuru kwa hayo yote. Ombeni pia kuonyeshwa kile ambacho watu wa hapo walikuwa wakikifanya kabla hatujaja: chama cha kuzikana, kwaya, kikundi cha akina mama cha kupeana sufuria za shughuli, jumuiya ndogo ndogo zinazokutana nyumba kwa nyumba. Msivipe fedha haraka, maana fedha nyingi ghafla huweza kuviua. Viulizeni kwanza vimedumu vipi.

Na kwenu wajumbe wa kamati, naomba mrudi na maswali haya matatu na kuyajadili kikaoni:

1. Katika parokia yetu, ni shughuli gani ambayo ingeendelea hata kama msaada wote wa nje ungekoma mwezi ujao? Nani anailisha?

2. Mafunzo tunayotoa yanasemwa kwa lugha gani? Je, bibi wa miaka sabini anaweza kuyarudia kwa mjukuu wake jioni?

3. Majirani zetu Waislamu wanaposoma maulidi au khitima, sisi huwa wapi? Tukialikwa, huenda? Nao wakifiwa, tunafika siku ya kwanza au tunatuma salamu?

Swali la tatu wengine wataliona dogo, lakini nalitilia mkazo. Ushirikiano wa kuchimba kisima hauanzi kisimani. Huanza pale unapokaa kwenye mkeka wa mwenzako siku ya furaha yake au ya msiba wake, ukasikiliza anachokisoma, ukanyunyiziwa marashi pamoja naye, na ukala sinia moja. Safari nyingine mkialikwa kwenye maulidi, na mkasikia jina la Barzanji likitajwa, mtakuwa na cha kumwambia mwenyeji wenu: kwamba jina hilo ni la kijiji cha milimani kwa Wakurdi, na kwamba kwa Wakurdi mkate wa jirani ulilisha chuo. Nadhani atafurahi, na mazungumzo yatakayofuata huenda yakawa na manufaa kuliko mikutano yetu mingi.